Dola Kwenye Paji la Ibu Ratna

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa shule ya lugha alinionyesha meza yangu, akasema, "Mwalimu, uko kwenye majaribio mpaka sherehe ya mwisho wa muhula. Usiniharibie kitu." Nilifundisha Kiswahili. Meza ya jirani ilikuwa ya Ibu Ratna, mwalimu wa Kiindonesia. Ibu kwao ni kama Mama kwetu.

Ndiye aliyenieleza *menari*. Ni kucheza ngoma, alisema, lakini ngoma ya kusomewa miaka: vidole vinasema, macho yanatii, uso unatulia. Kucheza kwa kujifurahisha, kama harusini, huitwa *joget*. Niliitikia kwa kichwa kama msomi. Shahada zangu mbili zilinifunza hilo vizuri.

Sherehe ilifanyika ukumbini, mtaa wa Columbia Heights. Nilimwalika Mama Zuhura wa mji jirani wa Lanham, mtu wa kwetu, aliyetupikia pilau. Ibu Ratna akaingia na batiki yake, akacheza taratibu mno. Ukumbi kimya. Mimi nikaona aibu: mtu anacheza vile, hakuna wa kumtuza?

"Si mwenzako kazini huyo?" Mama Zuhura alininong'oneza. "Inuka, baba. Mmemwacha kama yuko msibani."

Nikainuka nikitikisa mabega, nikambandika noti ya dola kwenye paji la uso. Jasho na poda vikaishika. Mama Zuhura akapiga kigelegele, peke yake.

Ibu Ratna hakupepesa jicho. Alicheza mpaka mwisho, shingo ikienda kushoto na kulia, noti ikienda nayo.

Mkuu alinikuta kwenye pilau. "Mwalimu, mkataba wako ninao hapa mfukoni. Sijui niutoe au niuchane."

"Kwetu ile ni heshima, bosi."

"Na kwao?"

Ibu Ratna alifika, noti mkononi. "Kwenye joget ningekushukuru. Kwenye menari, mtu hukaa akatulia." Akamgeukia mkuu. "Mpe mkataba. Ukimfukuza, nani atamfundisha kukaa?"

Nilibaki miaka. Alinifundisha hata kukunja vidole, ingawa nilifanana na mtu anayekausha rangi ya kucha. Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini, nawajibu, kutulia.

Siku ya kuagwa nilicheza menari mbele ya wote, uso umetulia. Karibu na mwisho, Ibu Ratna akainuka akitikisa mabega, akanibandika dola pajini. Sikupepesa jicho.

Nyuma nilimsikia Mama Zuhura akimuuliza mkuu, "Baba, huyu anaumwa?"