Mama alivyopanda Mlima Elgon na chuma kwenye paja: vilima tulivyoanzia hapa Kakamega

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Juzi kuna member aliuliza hapa, mtu anayeishi Kakamega na ako na gari aende hiking wapi weekend. Watu wakamjibu kwa majina ya sehemu tu. Mimi nitamjibu kwa kisa. Nilikuwepo na sitaongeza chumvi.

Hii ilikuwa ile miaka miwa ilikuwa miwa. Waliokuwa kwetu Mayoni, karibu na Mumias, enzi hizo wanajua. Kila nyumba ilikuwa inapata mabati mapya, na barabara ilikuwa imejaa trekta. Mimi nilikuwa fundi wa hizo trekta. Nikajinunulia Land Rover kuukuu kutoka kwa mkulima mmoja wa Kitale. Mke wangu Nanjala aliiita "ng'ombe mgonjwa", lakini ilikuwa inapanda popote.

Mama yangu alikuwa na shamba lake la miwa, ameliendesha peke yake tangu baba afariki. Siku moja akiruka mtaro na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akaanguka. Paja likavunjika. Hospitalini wakamtia chuma.

Mfupa uliunga vizuri, lakini mama mwenyewe hakuinuka. Aliketi mlangoni kuanzia asubuhi mpaka jioni, karibu mwaka mzima. Watu wakija kumsalimia anawaambia, "Mimi nimekwisha." Huyu ni mtu alikuwa anapalilia shamba akiimba mpaka majirani wanamsikia!

Daktari akaniambia huo mguu unataka kazi. Atembee, tena apande vilima polepole, la sivyo utakauka.

Nilipomwambia, mama, ambaye huniita papa kwa upendo, alicheka kwa uchungu. "Vilima gani, papa? Hapa Mayoni ni miwa tu."

Hapo ndipo nikaanza kutafuta vilima.

Tulianza na Lirhanda, ndani ya msitu wa Kakamega. Member aliyeuliza, anza hapo. Gari linafika karibu, na njia inapanda taratibu chini ya miti. Siku ya kwanza mama alifika katikati, akaketi kwenye mzizi, akalia. Nanjala akaketi kando yake. Nikafikiri nimeharibu. Tukarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nalala. Nikasikia fimbo inagonga mlango. "Papa, amka. Kile kilima hakiwezi kunishinda hivyo."

Akafika juu. Alisimama tu anaangalia msitu.

Baada ya hapo tukaenda Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu, ukitoka Kakamega unapita njia ya Kabras. Juu pale unaona msitu wote umelala chini yako kama blanketi. Mama alikula ingokho yake, yaani kuku, na obusuma baridi, ugali wetu, akiwa amekalia jiwe, akaanza kuimba. Mimi na Nanjala tukaangaliana.

Kisha nikafanya kosa la kuchagua. Niliwapeleka kwenye miamba ya Nandi msimu wa mvua. Wakuu, msijaribu. Mawe yanateleza kama yamepakwa sabuni na ukungu unafunika kila kitu. Tuligeuza gari kabla hata ya kupanda. Kabla ya kuchagua mlima, angalia mvua kwanza.

Sasa, pale Mayoni asubuhi kukiwa kweupe, unaweza kuona Elgon kwa mbali. Sisi huuita Masaba. Mama aliuangalia maisha yake yote akichota maji, na hakuwahi kuukaribia. Jioni moja akaniambia, "Mimi nataka mlima ule."

Mjomba wangu Makokha, kaka yake mkubwa, akasikia. Alikuja kwangu amewaka. "Unataka kuua dada yangu? Akivunjika huko nani atambeba? Wewe?"

Kusema ukweli hata mimi niliogopa. Mama ndiye alimjibu. "Makokha, mwaka mzima nimekaa mlangoni na hukuogopa. Mbona unaogopa nikisimama?"

Mjomba akasema basi na yeye atakuja, amlinde.

Tulilala Kitale kwa shangazi yake Nanjala, tukaingia lango la hifadhi mapema. Tulipewa askari wa kutusindikiza, mwanamke kijana Msabaot jina lake Chemutai. Hapo huendi juu bila askari, kuna nyati. Land Rover ikapanda ikikohoa, tukapita miti mikubwa, tukapita mianzi, mpaka barabara ikaisha kwenye nyasi na baridi kali.

Hapo mlinzi wa mama, yaani mjomba, akashikwa na maumivu ya kichwa. Mjomba Makokha, aliyekuja kubeba dada yake, akalala kiti cha nyuma amejifunika blanketi mbili, anaomba chai. Nanjala akabaki naye na thermos. Chemutai akamwangalia akasema hali si mbaya, ni urefu wa mlima tu, apumzike hapo.

Tukaenda watatu. Mama, mimi, Chemutai. Tulikuwa tunaelekea kilele cha Koitoboss.

Mama alikuwa anatembea kama mtu anapanda mbegu, mguu, fimbo, mguu, fimbo. Hakuharakisha wala hakusimama sana. Mimi kijana nilikuwa nahema kuliko yeye. Kuna mimea huko juu mirefu kama watu, mama akawa anaisalimia. "Mulembe. Mulembe."

Karibu na jiwe la mwisho ukungu ukatufunga. Chemutai akasimama. "Mama, ikikaa hivi tunarudi. Siwezi kukupandisha mahali sioni."

Mama akaketi, akafunga kitambaa vizuri. "Sawa, binti yangu. Wewe ndiye unajua hapa. Lakini tungoje kidogo."

Tukangoja. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa tayari natafuta maneno ya kumfariji njiani kurudi. Ghafla upepo ukaja, ukungu ukapasuka, na jiwe lote likaonekana na jua juu yake.

Mama alikuwa ashasimama.

Sehemu ya mwisho ni ya kutumia mikono. Akaniachia fimbo, akashika mawe. Chemutai mbele akimwonyesha pa kukanyaga, mimi nyuma nikisali. Mara moja ule mguu ulitetemeka vibaya. Akatulia, akaupiga kofi, akasema, "Twende!"

Na akafika. Wakuu, mama yangu alifika!

Hakulia. Alivua kitambaa, akainua mikono, akapiga kelele kwa nguvu zote, "Mimi ni Nafula! Binti ya Wangatia!"

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimwita jina hilo. Kwetu alikuwa mama wa fulani, mjane wa fulani. Kisha akapiga vigelegele, Chemutai naye akajiunga, na mimi nikabaki nalia kama mtoto.

Jumapili hiyo alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Mjomba Makokha akasimama baada yake, akaeleza jinsi "tulivyopanda". Kanisa lilicheka mpaka pasta akaketi. Mwezi uliofuata akina mama wa Mayoni walijaa nyuma ya Land Rover yangu, mama akiwa mbele, anawapeleka Buyangu.

Funzo nililopata? Usichague mlima kwa picha. Chagua ule mguu wako unaweza leo, halafu weekend ijayo uongeze kidogo. Beba nguo nzito, anza mapema, msikilize askari. Na kama una mzazi amekaa mlangoni, usimpe pole tu. Washa gari.

Mama bado yuko, amezeeka sana, lakini anaendanga sokoni kwa miguu yake.

Sasa nyinyi wa Kakamega, Kabras na Mumias, semeni. Ni kilima gani kingine mzee anaweza kupanda bila kuumia? Na kuna yeyote hapa amefika Koitoboss atuambie barabara siku hizi ikoje?