Nilivyosifu moteri ya Mama Zaina

Wakati wa vita, gari ya Mama Zaina ilikuwa inapiga kelele mpaka watu walikimbilia porini. Juzi, katika gereji yangu karibu na stesheni ya Kindu, nilitoa kamshafti yake ya zamani, kile chuma kinachozunguka ndani ya moteri, nikaweka mupya, yenye kusukuma valvu kwa magurudumu madogo. Mafundi wenzangu walikuja kuangalia.

"Washa, mama!" nikasema, mukono juu ya moteri. Ilikuwa inatetemeka kidogo tu.

Nikageukia mafundi: "Musihesabu ile treni inayonguruma kwenye stesheni nyuma yetu. Munasikia kelele ingine? Hapana! Hii njo kazi ya fundi!"

Treni ikaondoka. Mutetemeko ukaenda nayo.

Ndani ya gari, Mama Zaina alikuwa angali anafungua fundo la kikwembe chake cha kiunoni.

"Ngoja kwanza, fundi. Ufunguo ya kuwashia iko huku ndani."