Jiko la Shemasi Pruitt lililooshwa kwa sabuni

Saa tatu asubuhi, Bi Verlene Tatum amepiga magoti kwenye nyasi, kichwa chake chote kimezama ndani ya jiko la moshi la kuchomea nyama, mali ya Shemasi Alvin Pruitt. Ananusa. Hatua mbili nyuma yake, shemasi ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono ameikunja kifuani, macho hayambanduki.

"Usiguse kitu bila kuniambia," anaonya.

"Nanusa tu, Shemasi. Au na pumzi nazo zinaharibu?"

Shemasi anakisogeza kiti karibu zaidi. Tangu sikukuu ya kanisa wiki mbili zilizopita, shemasi hana utani na Bi Verlene.

Bi Verlene, 58, ni mjane aliyekuwa mpishi wa shule. Miaka kumi na moja sasa husafisha majiko ya kuchomea nyama nyuma ya nyumba za watu katika mji huu mdogo wa mashariki mwa Texas. Hutoza dola 75 kwa jiko. Kabla ya mkasa huu alikuwa na wateja 23, na wengi walimwachia ufunguo wa geti wakaenda zao kazini.

Leo wamebaki 14, na hao waliobaki humkalia kama polisi.

Kisa ni mbavu za kuchoma. Mbavu za Shemasi Pruitt watu huzifuata kutoka Houston, lakini siku ya sikukuu zilikuwa na ladha ya sabuni. Watoto walitema. Mchungaji alitafuna kipande kimoja kwa adabu, akaomba maji. Shemasi akasimama mbele ya watu zaidi ya mia, akasema jiko lake limeguswa na mtu mmoja tu wiki ile. Jina hakulitaja, wala hakuwa na haja ya kulitaja.

Huku, ndani ya jiko la moshi hapaoshwi kwa sabuni. Ule weusi unaong'aa si uchafu. Ni mafuta na moshi wa miaka mingi vilivyoshikamana na chuma, navyo ndivyo vinavyozuia kutu na kuipa nyama ladha. Shemasi alilirithi jiko hilo kwa baba yake. Kumwambia limeoshwa ni kama kumwambia umeifua Biblia ya marehemu mama yake.

"Mimi nakwangua magamba ya masizi yanayoning'inia kwenye kifuniko, yale yanayoweza kudondokea nyama," anaeleza Bi Verlene. "Natoa majivu, maana yanavuta unyevu na chuma kinakula kutu. Napaka mafuta, nawasha moto mdogo, naondoka. Sabuni? Hata mikono nanawia mbali."

Mwandishi wa makala haya hakumwamini mara moja. Mtu ambaye kitumbua chake kimeingia mchanga anaweza kusema lolote. Ndiyo maana aliomba aje naye leo, siku ambayo shemasi amekubali, kwa shingo upande, jiko likaguliwe.

Bi Verlene anamwita shemasi asogee. Anamulika kwa tochi ya simu. Mahali pengi weusi umetoka, chuma kiko kijivu na kutu imeanza.

"Tazama mistari. Mimi nakwangua kwa kibao cha mti, kwenda na kurudi. Aliyesugua hapa kazungusha kama anaosha sufuria."

"Labda siku hiyo ulizungusha."

"Labda!" Bi Verlene anacheka kwa hasira. Anapitisha kitambaa kwenye wavu wa nyama, polepole, mpaka kinanasa. Anachomoa uzi mwembamba wa waya, mfupi kuliko ukucha. "Na hii je? Ni ya brashi ya waya. Mimi brashi ya waya sina, na unajua kwa nini. Kuna mteja wangu alimeza uzi kama huu, akapasuliwa tumbo. Ya kwako si nilikwambia uitupe?"

"Niliitupa."

"Aliitupa," inasema sauti kutoka mlango wa nyuma wa nyumba. "Niliiokota mimi."

Ni Bi Ernestine Pruitt, mke wa shemasi kwa miaka thelathini na sita. Ana taulo mkononi na anaikunja, anaikunjua. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Niliosha Alhamisi ile ya kabla ya sikukuu, Bi Verlene ameshamaliza kazi yake, Alvin alipokwenda kuchukua kuni," anasema. "Sabuni na maji ya moto."

"Ernestine! Kwa nini?"

"Kwa sababu kila miezi mitatu mwanamke huyu akija, wewe unapiga pasi shati. Shati jeupe, Alvin! La kukaa kando ya masizi! Nikasema basi, nitalisafisha mwenyewe kumshinda yeye, tuone kama utamwita tena."

"Mimi na huyu?" anafoka shemasi. "Huyu ananitukana tangu getini!"

"Dada, mzee huyu hata kwa dola mia mbili simtaki," anasema Bi Verlene, na wote watatu wanacheka. Kisha yeye anaacha kucheka, na machozi yanamlengalenga. "Lakini mimi nimepoteza wateja tisa. Ulikuwepo aliponisema. Ulinyamaza."

"Alikuwa amekasirika mbele ya watu wote. Niliogopa."

Shemasi anajikuna kichwa. Anakiri kwamba siku ya sikukuu aliwasha moto kabla jua halijachomoza na hakutazama ndani. Nani hukagua jiko lililokwisha kusafishwa? Anapendekeza mambo yaishie hapa uani, naye atamlipa fidia ya hao tisa.

"Pesa zako kaa nazo," anajibu Bi Verlene. "Ulinisema mbele ya watu mia. Hapa tuko wanne, na huyu mwandishi hata kanisani kwetu hasali."

Jumapili, wakati wa matangazo, shemasi anasimama. Anakohoa. Anasema jiko lake lilipata hitilafu ndogo, kwamba wapendwa wasilaumiane, na kwamba Mungu ni mwema. Anaanza kukaa.

"Maliza, Alvin," anasema Bi Ernestine kutoka kwenye kwaya.

Vichwa vinageukia kwaya. Shemasi anasimama tena.

"Aliyeliosha ni mke wangu," anasema. "Aliyemsingizia Bi Verlene ni mimi. Nilimshuku kabla sijatazama ndani ya jiko langu mwenyewe."

Wapo wanaosema amina, wapo wanaoficha kicheko. Bi Verlene, benchi la tatu, anatazama mbele tu.

Hadi jioni, wateja wanne kati ya wale tisa wamempigia simu, kila mmoja akiapa kwamba yeye binafsi hakuamini uvumi. Bi Verlene amewapangia siku wote. Anataka kufikisha wateja thelathini kabla ya kiangazi kijacho, anunue tela dogo la kubebea vifaa.

"Nitawasafishia, tena vizuri," anasema. "Ila kila jiko nitalipiga picha kabla sijaligusa, na nikimaliza nalipiga tena, mwenyewe akishuhudia. Miaka kumi na moja niliingia kwao kama ndugu. Sasa naingia kama fundi."