Kaka Clifford na Kofia Aliyoapa Kuila

Nimewahi kumwona mwanaume wa miaka sabini na moja akila kofia yake kwa kisu na uma, mchana kweupe, kwenye ukumbi wa kanisa, watu sitini wakitazama.

Mwanaume huyo ni kaka yangu wa tumbo moja. Na aliyemponza ni mimi.

Naitwa Glenys. Nina miaka sitini na nne, naishi Bacup, Lancashire. Kaeni vizuri niwasimulie, maana hata mimi nikikumbuka, chai inanipalia.

Kaka yangu Clifford alikuwa na bucha kwa miaka arobaini. Kichwani ana kofia bapa ya sufu, na huivua mahali pawili tu: kanisani na kitandani.

Halafu haongei kama mimi na wewe. Anaongea kwa misemo ya mababu. Mtu akifa, Clifford anasema amepiga teke ndoo. Mvua ikizidi, anasema wanaanguka paka na mbwa. Furaha, huzuni, harusi, msiba, kila kitu ana msemo wake. Jambo la moyoni kwa maneno ya kawaida? Sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Sasa, mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano. Baba alishafariki, mama alikuwa mgonjwa. Clifford ndiye aliyenipeleka mpaka geti la kiwanda cha sapatu, vile viatu laini vya kuvalia ndani, asubuhi ya Jumatatu. Akanipa mkate wangu wa mchana, akaondoka bila kugeuka.

Nikashona sapatu miaka arobaini na tano.

Siku niliyostaafu nikapiga magoti. Bwana, nikasema, kabla hujaniita naomba cheti cha Kiingereza. Kimoja tu.

Unacheka? Mwingereza anaomba cheti cha Kiingereza. Kuongea naongea, bwana. Kuandika ndiyo ilikuwa vita.

Nikaanza darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi. Mtihani wa kwanza nikafeli. Wa pili nikafeli. Kisha mwalimu wetu, Bi Anthea, akatuambia darasa litafungwa mwisho wa mwaka. Kwa hiyo wa tatu ulikuwa wa mwisho. Nikikosa, basi tena.

Sikukuu ya Pasaka nikamwambia Clifford mezani kwake.

"Nafanya tena mwezi wa sita."

Akaendelea kukata nyama. "Nani?"

"Mimi."

"Wewe? Mdogo wangu, ukifaulu, nakula kofia yangu."

Huo nao ni msemo wa mababu. Mtu anaapa kula kofia pale anapokuwa na uhakika kabisa kwamba jambo halitatokea, na kwamba kofia yake iko salama.

Angeishia pale mezani ningemsamehe. Weee. Alisema posta. Akasema kwa kinyozi. Akasema mlangoni pa kanisa huku akipeana mikono na watu. Wiki haikuisha, Bacup nzima inajua.

Nililia. Kisha nikaomba mambo mawili. La kwanza, nifaulu. La pili, kofia imkwame kooni. Si sana. Kidogo tu.

Mungu anisamehe, lakini niliomba kila siku nikiosha vyombo.

Hasira ikawa mafuta. Nikanunua daftari, nikawa naandika kila msemo wa Clifford na maana yake, nikaupeleka darasani. Tulikuwa na mwenzetu Zbigniew, fundi bomba kutoka Poland. Yeye alikuwa mtu wa maswali.

"Kwa nini ndoo? Marehemu alikuwa na ugomvi gani na ndoo?"

"Andika tu maana yake, Zbigniew," Bi Anthea alisema.

"Siwezi kuandika kabla sijajua ndoo ilimfanya nini."

Nilicheka mpaka nyonga yangu ya bandia ikauma. Lakini maneno yaliingia kichwani. Mpaka mwezi wa sita nilikuwa na misemo mia na kumi na nne.

Siku ya mtihani nikafungua karatasi: Mweleze mtu unayemfahamu kwa jinsi anavyozungumza.

Nilifumba macho. Ahsante, Bwana. Nikamwaga Clifford kurasa nne.

Matokeo yalitoka Alhamisi moja ya mwezi wa nane. Nikamsukumia Bi Anthea bahasha anifungulie.

"Ulihitaji daraja la nne," akasema. "Umepata la tano." Na kwetu namba ikipanda ndiyo bora.

Nilicheza koridoni. Zbigniew, naye amefaulu, akanizungusha kama pia.

Jumapili, baada ya ibada, tukaingia ukumbini kunywa chai. Mchungaji Rosalind akatangaza habari zangu. Watu wakapiga makofi, kisha vichwa sitini vikamgeukia Clifford taratibu, kama vimeambiana.

Enid, mkuu wa birika, akamwuliza, "Utaila kavu au nikuwekee mchuzi?"

Clifford akasimama. "Nilisema. Nitakula."

Akaingia jikoni. Akarudi kichwa wazi, kipara kinang'aa, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa. Akakifunua.

Kofia. Bapa, na kifungo chake juu, na ukingo wake mbele. Ila ilikuwa ya unga, imeokwa, rangi ya dhahabu. Akaichoma kisu, mvuke ukatoka.

"Hiyo ni pai," Enid akasema.

"Ni kofia."

"Kofia haina viazi, Clifford."

"Yangu ina viazi."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mchungaji akashika ukuta. Mimi tu sikucheka.

"Hata leo?" nikamwambia. "Umenitangaza mji mzima, halafu unaleta mzaha?"

Ndipo Bernard mwoka mikate akaweka kikombe chini.

"Mzaha gani, Glenys? Hiyo ni kofia ya nne. Ya kwanza ilitoka kama chura aliyekanyagwa na lori."

"Nyamaza, Bernard," Clifford akasema.

"Sinyamazi, nimeteseka. Alikuja kuiagiza wiki ileile ya Pasaka. Nikamwuliza, je, dada yako akifeli? Akasema hafeli."

Wiki ya Pasaka. Mimi hata mtihani sijaufanya.

"Sasa kwa nini ulinitangaza vile?"

"Kwa sababu wewe ukiambiwa huwezi, hulali mpaka umeweza. Tangu una miaka mitatu."

Nikasubiri atupie msemo hapo. Akafungua mdomo. Haukutoka. Akageuza uma mkononi, akautazama.

"Sikupaswa kukupeleka pale getini," akasema. "Ulikuwa na akili kuliko mimi. Nilijua, na nikakupeleka."

Hakuna ndoo. Hakuna paka wala mbwa.

Nikachukua uma, nikavunja ukingo wa kofia, nikala.

"Imepungua chumvi," nikamwambia.

"Kula kimya."

Tukaila yote, mimi na yeye, machozi na mchuzi vikitiririka pamoja, huku Enid akidai kifungo.

Ndugu zangu, mkisali, ombeni kwa adabu. Mimi nilimwomba Mungu kofia imkwame kaka yangu kooni, kumbe kooni kwake palishajaa. Yalikuwa yamekwama maneno yale, miaka arobaini na tisa, na ilibidi ale kofia ndipo yatoke.