Harusi Iliyongoja Kibali

Nakumbuka asubuhi moja huko Endiinzi, umande ungali kwenye majani, nimesimama kando ya zizi la baba wa mchumba wangu nikijiandaa kumweleza kwa nini harusi isogezwe mbele tena. Nilikuwa kijana, mwanangu, na kijana ambaye sababu yake imekwisha kupokewa mara mbili huamini itapokewa na ya tatu.

Nikueleze kwanza nilivyofika hapo. Nilikuja kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, na mama yangu tukitokea milima ya Kivu Kusini, Kongo. Nilijifunza kuchomelea vyuma, na baadaye nikapata kazi katika karakana moja mjini Mbarara, upande wa chini wa Kamukuzi. Tulitengeneza milango, madirisha na mageti. Mkono wangu ulikuwa mzuri, nalisema bila haya kwa kuwa mageti yale bado yapo. Kwa msaada wa binamu yangu aliyetutangulia ng'ambo, kampuni moja ya huko ilikubali kuniajiri, nami nikaomba kibali cha kuishi kama fundi mwenye ujuzi. Maelezo ya ofisi yao yalisema maombi ya aina hiyo huchukua kama miezi minne.

Wakati huohuo nilikuwa nimechumbia. Binti aliitwa Nyamwiza, aliuza vitenge katika soko la Nakivale. Wazee walikuwa wamekwisha kuzungumza, ng'ombe wa mahari walikuwa wamekabidhiwa, na kilichobaki ni siku ya kanisani. Sasa ile fomu iliniuliza kama nina mke, nami nikajibu kweli, sina. Kijana mmoja wa kafe ya intaneti, ambaye hakuwahi kuomba kibali chochote, akanionya kwamba nikioa katikati faili itavurugika na kila kitu kitaanza upya. Nikamwamini. Nikawaomba wazee tungoje kibali kwanza, ni miezi minne tu.

Miezi minne ikapita, nikaomba mingine. Watu wakapanda maharagwe, wakavuna, wakapanda tena. Pale karakana wakaanza kuniita Abiria. Bosi wangu, Mnyankore mmoja mcheshi, alinipokea kila asubuhi kwa swali lilelile, akiniita "ssebo", yaani bwana: "Ssebo, wewe bado iko hapa? Ndege ilipata pancha?" Nilicheka pamoja nao.

Nyamwiza hakucheka. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuposwa, naye kwa desturi yetu hangeolewa kabla ya dada mkubwa, kwa hiyo ngoja yangu ilikuwa inafunga milango miwili. Tena kulikuwa na mfanyabiashara wa Rugaaga aliyeanza kuulizia habari za Nyamwiza. Nyamwiza aliniambia kwa sauti ya kawaida, akikunja vitenge, kwamba mara hii niende mwenyewe kwa baba yake, maana yeye amechoka kunisemea, na kwamba baba akiamua kurudisha ng'ombe, yeye hatamzuia.

Ndivyo nilivyofika zizini. Mzee Ndabagoye, baba yake Nyamwiza, alikuwa akimpapasa ubavu ng'ombe mwenye mimba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mkono.

"Mutoto wangu," akasema, "hii ng'ombe ninajua mwezi yake ya kuzala, juu nilikuwa pale fasi, ile siku ilipandwa na dume. Ile karatasi yako, banaihesabu kuanzia siku gani?"

Nikasema kuanzia siku niliyoituma.

"Nani alikuambia?"

Nikatafuta jina, nikalikosa. Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe.

"Uende uulize," akasema. "Na binti yangu si faili. Usimuweke ku meza ya watu akangojee muhuri."

Kisha aliagiza nipewe maziwa kabla ya kuondoka, nami nikayanywa nikiwa nimesimama.

Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini nilikuwa nimeupitisha mwaka mzima bila kuuliza. Niliporudi Mbarara niliiandikia ile ofisi: mmeanza kuhesabu lini? Jibu likaja, la adabu kabisa. Hawakuwa wameanza. Cheti changu cha ufundi kilipaswa kuthibitishwa kwanza na ofisi nyingine ya nchi yao, na mpaka uthibitisho ufike, maombi yangu yalikuwa hayajakamilika. Walikuwa wamelisema hilo zamani, kwa anwani ya barua pepe ya binamu yangu niliyoijaza kwenye fomu, naye alikuwa ameacha kuitumia. Niliuliza na habari ya ndoa. Wakajibu kwamba mwombaji akioa anapaswa kuwaarifu. Faili haitupwi. Mke akitaka kufuatana naye, huombewa kibali chake, nacho kina muda wake.

Tulifunga ndoa mwezi uliofuata. Bosi alikuja na karakana nzima, akasimama mbele ya watu akasema, "Leo Abiria amefika." Mdogo wake Nyamwiza aliolewa baada ya mavuno.

Uthibitisho wa cheti ukachukua muda wake, na kibali kikachukua wake. Kilipotoka, mtoto wetu alikuwa ameota meno, na kampuni ile ilikuwa imechukua fundi mwingine, kwa sababu nafasi ya kazi nayo haingoji milele. Kibali kilifungamana na kazi hiyo, kwa hiyo hakikuwa na pa kunipeleka. Nyamwiza aliisoma ile barua, akaikunja, akaniuliza kama nimemaliza mlango wa kanisa niliokuwa nimepewa kuuchomelea. Nilikuwa sijamaliza. Nikaenda kuumaliza.

Sikusimulii haya ili uache kuomba. Omba, mwanangu. Wako vijana niliowafundisha kuchomelea ambao waliomba, wakapata, na leo wanalea watoto huko. Ila ujue unachongoja. Muda unaotangazwa na ofisi ni ule ambao maombi mengi huchukua, si ahadi waliyokupa wewe. Hauanzi siku unayotuma, unaanza siku faili yako inapokamilika, basi uulize kwa maandishi kama imekamilika, na uwape anwani unayoifungua wewe mwenyewe. Muulize na mwajiri atakungoja hadi lini. Maisha yako yakibadilika, waambie ukweli, usiyasimamishe maisha ili yafanane na fomu.

Wahenga walisema subira huvuta heri, na haohao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukitazama vizuri hawakupingana. Mwenye subira anapanda, anachomelea, anaoa, huku akingoja. Mwenye ngoja ngoja amekaa juu ya mzigo uliofungwa, na amewakalisha wengine pamoja naye. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mungu aliyetuvusha kutoka milimani akufungulie njia ya mbali ukiiomba, na ikikawia akukute kazini, pamoja na watu wako. Akupe watu wa kukuuliza swali kabla hujachelewa. Na siku utakaposimama kwenye zizi la baba wa mtu, akujalie ufike na siku ya harusi, si na sababu.