Utando wa Zambarau

Mwanatabu wa mtaa wa Shika Adabu, kwa usafi, alikuwa balaa. Kwenye sufuria zake ungejitazama ukapaka wanja. Doa kwake lilikuwa tusi, akilivamia kwa majivu na limau mpaka litoke. Sasa mwanamke kama huyo, wallahi, unamwachia kamera ndani ya nyumba?

Mumewe, Matano, alikuwa mpiga picha pale Likoni. Kamera aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago, Uhuru nao unabisha hodi. Kioo chake cha mbele kilikuwa na utando wa zambarau kwa mbali, na kila Mwanatabu alipouona, roho haikumtulia.

Ikatokea mama mkwe wake, Bi Mwanarusi, aliyekataa kupigwa picha maisha yake yote, akakubali. Alijiona anachoka, na wajukuu wake walioko Vanga hawaijui sura yake. Lakini alisema ni mara moja tu, asisumbuliwe tena. Basi apigwe kwa kioo chenye doa? Thubutu! Mwanatabu alikisugua mpaka zambarau ikatoka yote.

Picha ilipotoka, Matano alishika kichwa. Uso wa mama yake ulikuwa umefunikwa na weupe kama tui.

"Nani amegusa kioo changu?"

"Mimi. Kilikuwa na doa, nikakisafisha."

"Doa! Ule utando waliokitengeneza kioo waliupaka makusudi, mke wangu! Kioo kitupu hurudisha mwanga nje, na mwingine huruka-ruka humo ndani ukaharibu picha. Utando ndio unaouingiza vizuri."

Mwanatabu alilia. Picha ya pekee ya mama wa watu, kaiharibu kwa mikono yake mwenyewe! Alipotulia, alijikaza akaipeleka chumba cha pili, kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete nijione."

Macho ya Bi Mwanarusi yalikuwa yameingia ukungu siku nyingi, ila masikio yalikuwa mazima. Aliipokea picha, akaikodolea kwa muda mrefu.

"Mashallah! Nimetoka vizuri, hata mikunjo imepotea. Mwambie Matano aitie fremu, na asikugombeze tena."

"Haya, mama."

Picha alikuwa ameishika kichwa chini, miguu juu. Mwanatabu hakuigeuza. Aliinama, akambusu mkono.