Ngoma ya Yesuratnam

Binti yule alikuwa na majina mawili. Kwetu kusini mwa India, katika mtaa wa Wamadiga, watu wa tabaka linalohesabiwa najisi, nje ya kijiji, tulimwita Krupa, jina alilobatizwa nalo. Shuleni aliandikwa Padmaja, Mhindu. Baba yake, Yesuratnam, ndiye aliyekubali, baada ya mwalimu mkuu kumweleza kwamba serikali inawatengea Wamadiga nafasi maalumu vyuoni na makazini, ila Mmadiga aliyebatizwa haimhesabu tena. Yesuratnam alikuna kichwa, akacheka. "Karatasi ni za serikali," aliniambia. "Mungu ananijua kwa sura."

Mimi na yeye tulikua pamoja. Ujanani tulipiga ngoma mbele ya maiti za wenye mashamba, kwa ujira wa makombo ya wali, na tukisogea karibu mno tulitukanwa. Siku aliyobatizwa, Yesuratnam aliichoma ngoma yake uani. "Nikifa mniimbie," alisema. "Atakayenipigia ngoma nitaamka nimzabe kofi." Tulicheka mpaka machozi. Mtu yule alitaka mambo mawili tu: aimbiwe, na alazwe nyuma ya kanisa kando ya mkewe Suvarthamma, kwenye nafasi aliyojiwekea mwenyewe.

Krupa alisoma kufa na kupona, akawa mwalimu wa kemia katika chuo cha mjini. Mumewe alifariki mapema. Mshahara ule ndio uliowalisha wanawe wawili na baba yake, ambaye vumbi la pilipili alizovuna kwenye mashamba ya watu lilikuwa limemmaliza mapafu.

Chuoni alimkuta Seshagiri, mwalimu wa fizikia, aliyemwita "viti maalumu" mchana kweupe. Mdogo wake Seshagiri aliiomba kazi ileile aliyoipata Krupa, akiwa na alama za juu zaidi, akaikosa. Baba yao, ingawa wa tabaka la juu, alikuwa mpishi tu wa hekaluni, hawana hata kishamba, na Seshagiri aliuliza kila siku ni nani atawatengea wao nafasi. Mimi sikatai, kijana yule aliumia. Lakini uchungu wa mtu hauwi haki kwa sababu tu unapiga kelele.

Kisha Seshagiri akasikia fununu za kanisa. Akasema mbele ya walimu wote kwamba Wakristo wenyewe wanahubiri hawana tabaka, sasa huyu mama anakula nafasi ya nani?

"Mwalimu," Krupa alimjibu, "pale kibanda cha chai kijijini kwetu, glasi yangu inatundikwa nje peke yake, wa matabaka mengine wasije wakainywea. Ile bado haijabatizwa."

Walimu wakacheka. Seshagiri hakucheka. Alisema akipata ushahidi atampeleka mahakamani, afukuzwe. Ningekuwepo ningemwambia Krupa aumeze ulimi. Kuchekesha watu ni jambo moja, kumfanya mtu achekwe mbele za watu ni jambo jingine, na huyu hasahau.

Yesuratnam akafa msimu wa kuvuna pilipili. Habari zilifika chuoni asubuhi ileile, na walimu wakatuma salamu kwamba wanakuja kuzika, Seshagiri akiwa mmojawao. Krupa alinifuata kibarazani, macho makavu.

"Baba mdogo, wanakuja. Nahitaji ngoma, maziko ya Kihindu."

"Krupa, unajua alivyosema."

"Najua. Na wanangu watakula nini? Na leo usiniite Krupa."

Mchungaji aliombwa asije. Hakugomba, alifunga kanisa akaenda zake. Picha ya Yesu ilishushwa ukutani, ikaacha alama nyeupe iliyowafanya watoto waulize maswali. Maiti ikapakwa manjano, kama ya Mhindu. Wapiga ngoma wa kijiji cha pili walikuwa harusini, kwa hiyo niliazima ngoma na kupiga mimi. Nilidhani nimesahau. Mikono haikusahau hata pigo moja, na niliichukia mikono hiyo. Nilitangulia mbele ya rafiki yangu hadi kando ya mfereji, wanakozikwa wasiobatizwa, nikilingoja kofi lile. Kofi halikuja.

Seshagiri alipiga picha za simu tangu mwanzo hadi mwisho: ngoma, manjano, alama nyekundu kwenye paji la uso wa Krupa. Hakupata msalaba hata wa dawa. Tuliporudi, Krupa alimletea maji kama anavyoletewa mgeni yeyote.

"Asante, Mwalimu," Seshagiri alisema, akiitazama glasi. "Nimekunywa nyumbani."

Krupa hakuondoka. "Si umeshaona mimi ni nani? Kunywa, Mwalimu."

Seshagiri alipangusa midomo iliyokuwa haijagusa kitu, akaiendea pikipiki yake. Nilitaka kumtupia ile ngoma mgongoni, na Mungu anisamehe, bado natamani.

Kazi ya Krupa ilibaki. Jumapili Krupa hukaa ndani na kufunga dirisha la upande wa kanisa, hata wakati wa joto. Uwanja wa nyuma ya kanisa ni mdogo, na baada ya mvua mchungaji aliitoa ile nafasi kando ya Suvarthamma kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mfereji aliyefariki. Nilikwenda kumwambia Krupa mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alikuwa akichambua mchele. Hakulalamika. Aliuliza tu kama yule mzee aliimbiwa.

Nikamwambia ndiyo, aliimbiwa.